Tay-Sachs: maradhi ya ubongo yanayotokana na kukosekana kimeng'enya kimoja



Mwaka juzi, asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, dada yangu alinipigia simu kutoka Maskati. Khabari yake ilikuwa fupi. Mjukuu wake wa kiume, aliyekuwa ameshaanza kukaa mwenyewe akiwa na miezi saba, ameacha kukaa. Akiwekwa anaanguka ubavu. Shingo nayo imelegea tena kama ya mtoto mchanga. Akaniuliza: "Wewe umefanya kazi hospitali miaka yote hiyo, mtoto huwa anarudi nyuma?"

Mtoto anaweza kuchelewa kukaa au kutambaa, na wengi huchelewa bila ya neno. Lakini akishajifunza jambo kisha likampotea, hiyo si kuchelewa. Hiyo ni dalili ya kumpeleka kwa daktari wa watoto siku hiyo hiyo.

Kumbe ishara zilikuwepo tangu zamani. Tangu miezi mitatu alikuwa akishtuka kupita kiasi. Mlango ukifungwa, kijiko kikianguka, hata mtu akipiga chafya, mikono na miguu yake inaruka. Watoto wachanga wote hushtuka, ila wengine huzoea sauti ikirudiwa mara mbili tatu. Huyu hakuwa akizoea. Nyumbani walisema jicho, akasomewa. Bibi mmoja wa jirani akasema ni mwanzo wa degedege. Zahanati moja ya kulipia ikasema ana upungufu wa vitamini D, ikatoa matone. Simlaumu aliyemsomea, kisomo hakikumdhuru mtoto. Kilichotuumiza ni ile miezi iliyopita hivi hivi, mama yake akiwa ameshashika mimba nyingine bila ya kujua analolibeba.

Aliyefumbua fumbo ni daktari wa macho. Mtoto alikuwa hafuati tena taa kwa macho, na daktari alipotazama nyuma ya jicho akaona doa jekundu kama cheri katikati ya uwanja mweupe. Damu ikapelekwa maabara, jibu likarudi: kimeng'enya kiitwacho heksosaminidesi A karibu hakipo kabisa. Jina la maradhi ni Tay-Sachs. Mtoto alifariki kabla hajatimiza miaka mitatu. Mwenyezi Mungu amjaalie awe shufaa kwa wazazi wake. Yule aliyekuwa tumboni alizaliwa salama, Alhamdulillahi.

Naandika haya kwa sababu tangu wakati ule nimekuwa nikipigiwa simu na jamaa wa Dubai, Doha na Maskati, na maswali yao ni yale yale. Nimefanya kazi ya maabara ya hospitali hapa London miaka 27, kwa hivyo vimeng'enya si vigeni kwangu. Na naishi Stanmore, mwisho wa reli ya Jubilee, mtaa ambao maradhi haya yanajulikana kwa jina kuliko sehemu nyingi za dunia. Sababu yake nitaieleza.

Kimeng'enya ni kitu gani

Wengi wetu Oman tunakijua kimeng'enya kimoja bila ya kukiita hivyo. Ni G6PD. Karibu mwanamme mmoja katika kila wanne wa Kiomani ana upungufu wake, na kila mama anajua: mtoto asipewe ful, asiwekewe nguo zenye nafthalini, na daktari aambiwe kabla ya kuandika dawa. Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi moja mwilini, kama vile mkasi unaokata kitu kimoja tu. Kikipungua G6PD, chembe nyekundu za damu huvunjika zikikutana na ful. Mtu akijihadhari anaishi umri wake wote.

Heksosaminidesi A ni mkasi wa aina nyingine, na kazi yake haiepukiki kwa kuacha chakula fulani. Ndani ya kila seli mna vifuko vidogo viitwavyo lisosomu. Aliyevigundua ni Christian de Duve, Mbelgiji, mwaka 1955, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Mimi navifananisha na karo la jikoni. Mabaki ya seli yanatiwa humo, vimeng'enya vinayakata vipande vipande, na vipande vinarudi kutumika upya. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, uchafu wa aina moja hauna wa kuukata. Karo linaziba. Maji yanaendelea kumiminwa.

Uchafu wenyewe katika Tay-Sachs ni aina ya mafuta yenye sukari iitwayo gangliosidi GM2. Iko katika ngozi ya seli za neva, na ubongo wa mtoto unaokua huijenga na kuibomoa kwa wingi mno. Ndiyo maana maradhi yanapiga ubongo kuliko ini au moyo, ingawa kimeng'enya kimekosekana mwili mzima.

Mkasi huu una sehemu mbili zilizoshikana, alfa na beta. Maelekezo ya kutengeneza alfa yako katika jeni iitwayo HEXA, kwenye kromosomu ya 15. Ya beta yako katika HEXB, kwenye kromosomu ya 5. Ikiharibika HEXA, ni Tay-Sachs. Ikiharibika HEXB, ni maradhi ndugu yake yaitwayo Sandhoff, kwa jina la Konrad Sandhoff, Mjerumani aliyeyaeleza mwaka 1968. Kuna na njia ya tatu, adimu zaidi: mkasi mzima upo, lakini imekosekana protini msaidizi inayoyanyanyua yale mafuta na kuyaleta kwenye mkasi. Mtoto anaonekana vile vile katika hali zote tatu, na kipimo cha kawaida cha kimeng'enya kinaweza kudanganya katika hiyo ya tatu.

Ndani ya ubongo

Maradhi yenyewe yalianza kuandikwa hapa London. Mwaka 1881 daktari Warren Tay alitazama macho ya mtoto wa mwaka mmoja asiyeweza kushika shingo, akaliona lile doa. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameshawaona watoto watatu wa nyumba moja. Mwaka 1887 Bernard Sachs wa New York, bila ya kuanzia kwa Tay, alieleza ubongo wa mtoto aliyefariki, akaona seli za neva zimeharibika kila mahali. Yeye ndiye aliyesisitiza baadaye kwamba maradhi yanakwenda kwa familia. Majina mawili yakaunganishwa.

Ukiitazama seli ya neva ya mtoto huyu kwa hadubini, jambo la kwanza unaloliona ni uvimbe. Seli ambayo ingekuwa na pembe kali kama nyota imekuwa duara kama puto. Kiini chake kimesukumwa pembeni. Pale uzi mrefu wa neva unapoanzia, huota uvimbe mwingine ambao seli nzima haina, na juu yake zinaota ncha za kupokea khabari mahali zisipotakiwa. Waya za ubongo zinaungwa ovyo. Mwaka 1963 Robert Terry na Martin Weiss walitazama kwa hadubini ya elektroni wakaona ndani ya seli miviringo ya tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa. Hayo ndiyo mafuta ya GM2, yamejipanga ndani ya lisosomu kwa kuwa hayana pa kwenda. Kiasi chake katika ubongo kinaweza kuzidi cha kawaida mara mia na zaidi.

Mambo haya huanza mtoto akiwa tumboni. Anazaliwa mzuri, ananyonya, anacheka, na seli zake tayari zina mzigo. Kwa hivyo mama asijilaumu kwamba alikula kitu, au alianguka, au alimchukua mtoto nje magharibi. Dada yangu alilishikilia hilo la magharibi kwa muda mrefu sana.

Kisha seli zinaanza kufa. Chembe za ulinzi za ubongo zinakuja kusafisha, nazo zinajaa mafuta, na uvimbe wa moto unaongezeka. Ala nyeupe inayofunika nyuzi za neva inapotea. Kwa nje tunachokiona ni mpango ule ule karibu kwa kila mtoto: kushtuka kwa sauti tangu miezi mitatu mpaka sita, kisha kulegea, kisha kupoteza alichojifunza, kisha macho kutofuata. Baada ya mwaka wa kwanza huja kifafa. Kichwa huanza kuwa kikubwa mwaka wa pili, si kwa maji, bali ubongo wenyewe umejaa mafuta na makovu. Kumeza kunakuwa shida, na wengi hufariki kwa kichomi baina ya miaka miwili na mitano.

Lile doa jekundu linastahili maelezo yake, kwani watu hudhani ndilo gonjwa. Ni kinyume. Nyuma ya jicho kuna tabaka la seli za neva ambazo ni tawi la ubongo, nazo zimevimba kwa mafuta zikawa nyeupe. Katikati kabisa, pale tunapoonea vitu vizuri, tabaka hilo halipo kwa maumbile, kwa hivyo wekundu wa mishipa ya damu iliyo nyuma unaonekana. Doa ni mahali palipobaki rangi yake. Maradhi mengine machache ya lisosomu nayo huonesha doa kama hilo, ndiyo maana jicho peke yake halitoshi na lazima kipimwe kimeng'enya.

Kuna aina za polepole pia. Mtu mwenye asilimia chache za kimeng'enya anaweza kuanza kuumwa akiwa mtoto mkubwa au mtu mzima: miguu dhaifu, ulimi mzito, kuanguka ngazini, mara nyingine maradhi ya akili. Hawa huzungushwa hospitali miaka kwa miaka. Ajabu ni kwamba asilimia 10 mpaka 15 hivi ya kimeng'enya inatosha kumfanya mtu awe mzima kabisa. Mbebaji, yaani mwenye jeni moja nzima na moja mbovu, ana karibu nusu. Haumwi chochote maishani mwake.

Kwa nini hakipewi kama dawa

Hili ndilo swali la kwanza la kila mzazi: kama kimekosekana kimeng'enya, si kitiwe kwa sindano? Kwa maradhi mengine ya lisosomu hufanywa hivyo. Gaucher ya aina ya kwanza imekuwa ikitibiwa kwa kimeng'enya tangu mwaka 1991, na wapo wagonjwa katika Ghuba wanaotiwa dripu kila wiki mbili na wanaishi vizuri. Lakini mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta wake, haupitishi protini kubwa. Dripu ingefika kwenye ini, si kwenye seli inayokufa.

Wataalamu wanajaribu kupeleka jeni nzima moja kwa moja ndani ya ubongo kwa kutumia virusi visivyodhuru. Mwaka 2022 madaktari wa Massachusetts walichapisha khabari za watoto wawili wa kwanza kutibiwa hivyo. Walipata nafuu kiasi, si kupona. Njia hiyo ilikuwa imeshajaribiwa kwa wanyama, wakiwemo kondoo wa aina ya Jacob, wenye madoa na pembe nne, ambao baadhi yao huzaliwa na Tay-Sachs ya asili. Nilicheka kidogo niliposoma hivyo, maana kondoo hao nimewaona mashambani Uingereza, nikidhani kasoro yao ni pembe tu.

Kwa sasa matibabu ni kumtunza mtoto: dawa za kifafa, mpira wa kulishia, kumgeuza, kumsafisha kifua. Anayewauzia dawa ya kuponya kwenye simu anawaibia.

Majirani zetu wa Stanmore

Stanmore ni mtaa wa watu waliohama. Ukitembea Broadway siku ya Jumamosi unaweza kusikia Kiswahili cha Zanzibar, cha Tanga na cha Kampala katika vinywa vya wazee wa Kikhoja waliokuja baada ya 1964 na 1972. Na katika barabara ya London Road ipo sinagogi ya Stanmore na Canons Park, moja katika jumuiya kubwa za Kiyahudi za nchi hii.

Kwa Mayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, karibu mtu mmoja katika kila 30 ni mbebaji wa Tay-Sachs. Kwa watu wengine kwa jumla ni kama mmoja katika 250 mpaka 300. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuja kutoa mkono wa pole tuliposikia msiba. Nilipomtajia jina la maradhi aliweka kikombe chini. Akaniambia mdogo wake wa kiume alikufa hivyo wakati walipokuwa wakikaa Mashariki ya London. Mama yake hakumtaja tena yule mtoto mpaka naye alipokufa, kwa kuchelea mabinti wasije wakakosa waume.

Nilimwelewa neno kwa neno. Aibu ile naijua kwa Kiswahili.

Kilichotokea baadaye kwa watu wake kinafaa kujulikana. Mwaka 1969 Shintaro Okada na John O'Brien waligundua ni kimeng'enya gani kinachokosekana. Mara tu ikawezekana kumpima mbebaji kwa damu ya kawaida, na njia yake ni rahisi ajabu. Heksosaminidesi A huharibika kwa joto, na nduguye B hastuki. Basi unapima jumla, unapasha moto kiasi cha nyuzi 50, unapima tena. Kilichopungua ndicho A. Mwaka 1971 Michael Kaback alianza kupima watu katika jimbo la Maryland, Marekani, si hospitali bali katika sinagogi, baada ya kuzungumza kwanza na marabi na akina mama. Watu walijipanga foleni. Tangu wakati huo watoto wa Kiyahudi wanaozaliwa na Tay-Sachs Marekani na Kanada wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Kundi lao lenye kushika dini zaidi lilikuwa na shida tuliyonayo sisi: ndoa zinapangwa na wazee, na binti akijulikana ni mbebaji, nyumba nzima inapakwa doa. Rabi Joseph Ekstein wa New York, aliyefiwa na watoto wanne kwa maradhi haya, alianzisha mwaka 1983 utaratibu uitwao Dor Yeshorim. Kijana anapimwa akiwa bado skuli, anapewa namba, haambiwi jibu lake. Posa ikija, wazee wa pande mbili wanapiga simu na kutaja namba mbili. Wanajibiwa kitu kimoja tu: hawa wanafaa, au hawa wote wawili wanabeba. Hakuna anayeitwa mbovu, kwani mbebaji akioana na asiyebeba hakuna neno. Wapo waliokosoa kwamba mtu ana haki ya kujua khabari za mwili wake, na mimi binafsi ningetaka kujua. Lakini natambua akili iliyomo: walianza na aibu kama ilivyo, hawakusubiri iondoke.

Leo hapa London ipo asasi ya Jnetics, inayopima vijana wa Kiyahudi hata vyuoni, kwa Tay-Sachs na maradhi mengine mengi.

Na sisi

Msiite haya maradhi ya Mayahudi. Yapo kwa Wafaransa wa Quebec na kwa Wakajuni wa Louisiana. Tay-Sachs na Sandhoff zote zimeandikwa katika familia za Kiarabu, na Saudia ni katika nchi ambazo Sandhoff inajulikana. Madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wamechapisha khabari za maradhi ya lisosomu Oman kwa jumla, nayo si machache kama tunavyodhani.

Sababu mnaijua. Uchunguzi wa Anna Rajab na Michael Patton uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kwamba zaidi ya nusu ya ndoa za Oman zilikuwa za jamaa au za kabila moja, na karibu robo ya zote zilikuwa za watoto wa ndugu wawili. Ndoa hizo haziumbi jeni mbovu. Zinazikutanisha. Kila mmoja wetu anabeba jeni kadhaa zenye kasoro bila ya kujua, na mtoto wa ami yako ana nafasi kubwa ya kuwa na ile ile uliyonayo, kutoka kwa babu mmoja. Babu huyo huenda alipanda jahazi kwenda Unguja akazaa huko, na nduguye akabaki Nizwa. Vizazi vitatu baadaye mjukuu wa Unguja anarudi Maskati anaozwa mjukuu wa Nizwa, na watu wanafurahi kwamba damu imerudi nyumbani. Imerudi yote.

Lakini tusitishane pia. Utafiti mkubwa wa mji wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kwamba watoto wenye kasoro za kuzaliwa walikuwa kama 3 katika 100 kwa wazazi wasio jamaa na kama 6 katika 100 kwa watoto wa ndugu. Ni mara mbili. Pia ni kusema 94 wamezaliwa bila ya kasoro hizo.

Nirudi kwetu. Mama wa mtoto aliyefariki ni binti wa dada yangu. Baba yake ni mwana wa kaka yangu. Wote wawili walipimwa, wote wawili wanabeba hitilafu ile ile, kwa hivyo inaelekea imetoka kwa mmoja wa wazazi wetu sisi watatu. Maana yake na mimi nilikuwa na nafasi nusu kwa nusu. Na ilikuwepo posa: mwana mwengine wa kaka yangu kwa binti yangu anayesoma hapa London. Watoto wa ami kwa baba, ndoa ambayo marehemu mama angeiimbia.

Binti yangu, kijana wa kisasa, alikuwa ameshaagiza kipimo cha mate kwa posta. Hapa ndipo nataka wasomaji wanisikilize sana. Baadhi ya vipimo hivyo vya DNA hutafuta hitilafu chache tu zinazojulikana. Ile iliyoenea kwa Mayahudi wa Ulaya, ambayo ni herufi nne za ziada ndani ya HEXA, inabeba kama asilimia 80 ya wabebaji wao. Mwomani anaweza kuwa mbebaji kamili na kipimo hicho kikamjibu hana kitu, kwa sababu hitilafu ya ukoo wake haimo katika orodha. Jibu hilo ni la kweli kwa walichokitafuta na ni la uongo kwa alichokiuliza.

Anayepimwa bila ya ukoo wake kujulikana apimwe kimeng'enya chenyewe, hicho hakijali kabila. Na mwanamke mwenye mimba au anayetumia vidonge vya uzazi asipimwe kwa maji ya damu, kwani kiwango hubadilika na anaweza kuitwa mbebaji ilhali siye. Apimwe kwa chembe nyeupe za damu. Kama hitilafu ya familia imeshapatikana, kama ilivyokuwa kwetu, basi DNA ndiyo bora, mradi maabara ipewe ripoti ya mgonjwa na iambiwe itafute hiyo hiyo.

Nilipimwa mimi kwanza. Nabeba. Kisha binti yangu: habebi. Mwana wa kaka yangu anabeba, kama nduguye. Kwa hiyo wakioana, watoto wao wanaweza kuwa wabebaji, lakini hapana hata mmoja atakayeumwa Tay-Sachs. Posa ingalipo, na sasa wanabishana juu ya mahali pa kuishi, jambo ambalo hakuna maabara inayolipima.

Wangelikuwa wanabeba wote wawili, kila mimba ingekuwa na nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Kila mimba, upya. Nimesikia mtu akisema, "Mmoja ameshafariki, basi watatu wafuatao salama." Sivyo. Ni kama kura inayopigwa tangu mwanzo kila mara.

Waliokwisha oana na wote wanabeba wana njia. Viinitete vinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa, kwa mbegu za mume na yai la mke wake. Au mimba inapimwa kuanzia wiki ya 11. Hapo huingia suala la dini, na muda wake ni mfupi. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikaa mwaka 1990 likaruhusu kutoa mimba kabla ya siku 120 pale kamati ya madaktari wa kuaminika inapothibitisha kwamba mtoto ana kasoro kubwa isiyotibika, na wazazi wameomba. Sheria za nchi hazifanani, na wapo maulamaa wenye rai nyingine, kwa hivyo muulizeni mnayemfuata kabla ya mimba kuingia.

La mwisho ni la kazi tu. Kipimo cha kisigino anachofanyiwa mtoto mchanga hapa Uingereza hakitafuti Tay-Sachs, na vipimo vya kabla ya ndoa katika Ghuba vilianzia na magonjwa ya damu kama selimundu na thalasemia. Kwa hivyo karatasi inayosema "mko sawa" soma imesema sawa kwa nini. Mwenye mtoto aliyefariki kwa kurudi nyuma namna hii bila ya jina la maradhi, hata ikiwa ni miaka kumi iliyopita, wazazi bado wanaweza kupimwa wenyewe. Oman mnaweza kuomba rufaa ya Kituo cha Taifa cha Jenetikia katika Royal Hospital, au kitengo cha jenetikia cha Hospitali ya Chuo Kikuu. Mkienda chukueni majina ya ukoo mpaka babu wa tatu, pande zote mbili, na watoto wote waliokufa wadogo, hata wale wasiotajwa.

Sisi tuliwapata wawili, Unguja, kabla ya mapinduzi. Wote walikuwa wameandikwa degedege. Ripoti ya jeni dada yangu ameiweka ndani ya mkoba wa hati za nyumba, pamoja na mulkiya na pasipoti, na kila kijana wa ukoo anayetaka kuposa hupewa nakala yake.